Vihisi vya Kasi na Kadensi: Jinsi ya Kuvifunga, Kuvipima na Kuvisoma kwenye Barabara za Nairobi

Ingia Msitu wa Karura kwa lango la Barabara ya Limuru, simu ikiwa mfukoni inarekodi safari, kisha ukifika nyumbani itazame ramani yake. Mstari umenyooka mahali ulipopinda, umekatiza kati ya miti mahali pasipo na njia, na kasi imepanda na kushuka bila sababu. Miti mirefu hudhoofisha mawimbi ya GPS. Maghorofa ya katikati ya jiji huyapotosha kwa namna nyingine: mawimbi hugonga ukuta wa jengo, yakaifikia simu yakiwa yamechelewa, nayo simu ikadhani uko barabara ya pili. Kihisi cha kasi hakina haja na setilaiti. Kinahesabu gurudumu limezunguka mara ngapi, basi. Ukisimama kwenye foleni ya Ngong Road nyuma ya matatu, kinasoma sifuri, na sifuri hiyo ni ya kweli.

Lakini sikuandika haya kwa sababu ya kasi. Niliyaandika kwa sababu ya kile kihisi cha pili, cha kadensi, yaani idadi ya mizunguko ya pedali kwa dakika. Kwa miaka miwili nilipanda Red Hill kwa gia nzito nikiamini kwamba nguvu za mwendeshaji huonekana kwa jinsi anavyokandamiza pedali. Goti la kushoto likaanza kuniuma kila niliposhuka ngazi. Siku niliyofunga kihisi cha kadensi, kilima kile kile kilinionyesha 48. Sikuwa nimewahi kuhesabu. Nilibadilisha gia, nikajifunza kuzungusha miguu kwa haraka zaidi, na baada ya miezi michache goti lilitulia. Kwa hiyo, kama fedha zako zinatosha kihisi kimoja tu, nunua cha kadensi. Cha kasi kitafuata.

Jinsi vinavyofanya kazi

Vihisi vya zamani, ambavyo bado vinauzwa, hutumia sumaku. Unafunga sumaku ndogo kwenye spoki au kwenye mkono wa kranki, yaani kile chuma kinachobeba pedali, na kihisi kwenye fremu. Kila sumaku inapopita, kihisi kinahesabu moja. Vipya havina sumaku: ndani yake mna chombo kidogo kinachohisi mzunguko wenyewe, kwa hiyo kimoja hufungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kingine kwenye mkono wa kranki. Vyote viwili huituma hesabu kwa redio ya masafa ya gigahezi 2.4, ama kwa Bluetooth, ama kwa mfumo uitwao ANT+, ama kwa yote mawili.

Kihisi hakijui kilomita. Kinachotuma ni idadi ya mizunguko na saa ya mzunguko wa mwisho. Simu au kompyuta ya usukani ndiyo inayozidisha mizunguko hiyo kwa urefu wa mzunguko mmoja wa gurudumu lako. Ukiipa urefu wa uongo, itakupa kilomita za uongo kwa uaminifu kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na nitapaeleza kwa kirefu.

Kabla hujanunua

Jiulize kwanza utasomea wapi. Kama ni kwenye simu, lazima kihisi kiwe na Bluetooth, maana simu nyingi, iPhone zikiwamo, hazina ANT+. Kama una kompyuta ya baiskeli au unatarajia kununua, chukua chenye mifumo yote miwili. ANT+ ina faida yake: kihisi kimoja husikika na vifaa vingi kwa wakati mmoja, ilhali kwa Bluetooth vihisi vingi hukubali kifaa kimoja au viwili tu.

Jambo la pili ni programu. Si kila programu ya kurekodi safari inapokea vihisi vya kasi na kadensi. Nyingine hupokea kipimo cha mapigo ya moyo peke yake. Pakua programu unayoikusudia, fungua mipangilio yake, uone kama imeandika kasi na kadensi kwenye orodha ya vihisi. Fanya hivyo kabla hujatuma M-Pesa.

Na utazame baiskeli yenyewe. Kwenye baiskeli ya mbio au ya milimani, vihisi visivyo na sumaku vinaingia bila shida. Kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma yenye mikono ya kranki myembamba na kifuniko cha mnyororo, mimi napendelea vya sumaku, kwa sababu fremu yake ina nafasi ya kutosha na fundi yeyote anaweza kuvirekebisha.

Vihisi vingi vya bei nafuu hufanya kazi ya kasi au ya kadensi, lakini si zote kwa pamoja. Unabadilisha kazi yake kwa kutoa betri na kuirudisha, na taa ndogo inakuonyesha kwa rangi yake kiko katika kazi ipi. Soma karatasi iliyokuja nacho ujue rangi ipi ni ya nini, kisha kwa kalamu ya wino usiofutika andika K kwenye cha kasi na P kwenye cha pedali. Utanishukuru.

Kufunga cha kadensi

Vuta kwanza kile kipande cha plastiki kinachotenganisha betri. Kisha funga kihisi upande wa ndani wa mkono wa kranki wa kushoto, ule usio na mnyororo. Upande wa kulia kuna gia na mnyororo, hakuna nafasi. Futa mkono huo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta na vumbi jekundu vitafanya mpira uteleze.

Kikiwa mahali pake, zungusha pedali kwa kurudi nyuma polepole, jicho likiwa kati ya kihisi na fremu. Lazima pabaki nafasi ya milimita kadhaa mzunguko wote. Kisha keti juu ya baiskeli, kanyaga kwa nguvu huku umeshika breki, utazame tena, maana kranki na fremu hujipinda kidogo mtu anapokanyaga. Kikigusa, kisogeze juu au chini kwenye mkono huo hadi kipate nafasi. Kikikataa kabisa, vipo vihisi vinavyofungwa kwenye kiatu, navyo husoma vizuri.

Mipira ya kufungia inayokuja nacho hukauka na kukatika kwa jua. Changu kilianguka Karura kwenye mizizi ya miti, nikarudi nyuma kwa miguu nusu saa nikikitafuta kwenye majani. Tangu siku hiyo naongeza utepe mwembamba wa mpira wa tyubu kuukuu, ule ule wanaofungia mizigo watu wa bodaboda, unaozunguka juu ya kihisi mara mbili. Fundi yeyote wa baiskeli atakukatia bure.

Kwa vya sumaku, kihisi kinakaa kwenye fremu upande wa kushoto, na sumaku kwenye kranki. Pengo kati yao liwe la milimita 2 hadi 5, na sumaku ipite sawasawa mbele ya alama iliyochorwa kwenye kihisi. Pengo likiwa kubwa, hesabu itakosa mizunguko.

Kufunga cha kasi

Hiki kinazungushiwa habu kwa mpira wake, kati ya spoki za kushoto na za kulia. Gurudumu la mbele ndilo jepesi, halina gia za kukusumbua. Kama unafanya mazoezi ndani ya nyumba kwenye stendi inayozungushwa na tairi la nyuma, kifunge nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele litakuwa limesimama. Kwenye baiskeli ya breki za diski, zungusha gurudumu uhakikishe mpira haugusi diski. Ukishamaliza, zungusha kwa nguvu na usikilize. Usisikie kitu.

Kukiamsha na kukiunganisha

Vihisi hulala baada ya dakika chache bila mwendo, ili vitunze betri. Ndiyo maana mtu akiweka kihisi mezani na kukitafuta kwenye simu hakioni. Zungusha pedali au gurudumu mara kadhaa, taa iwake, ndipo utafute.

Utafute ndani ya programu ya kurekodi safari. Usiunganishe kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu yenyewe, pale unapounganisha spika na vifaa vya masikioni. Nimewaona wenzangu wengi wakikwama hapa: simu ikikishika kihisi kule kwenye mipangilio, programu huenda isikipate tena. Kama umeshafanya hivyo, iambie simu ikisahau, zima Bluetooth, iwashe, kisha uanze upya ndani ya programu. Kwenye simu za Android, programu pia itaomba ruhusa ya mahali ulipo au ya vifaa vya karibu. Ukiikatalia, haitaona kihisi chochote.

Unganisha ukiwa nyumbani. Asubuhi ya Jumapili mnapokusanyika watu 20 kwenye kituo cha mafuta, kila mmoja na vihisi vyake, unaweza kuokota cha jirani, ukashangaa kadensi yako inapanda hali umesimama unakunywa maji. Kila kihisi kina namba yake. Iandike mahali.

Kupima mzingo wa gurudumu

Programu itakuuliza mzingo wa gurudumu, yaani ule urefu wa mzunguko mmoja, kwa milimita, au itakupa orodha ya saizi za matairi. Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi lako. Kwa makadirio ya kuanzia: tairi la 700x25 lina mzingo wa milimita 2,105 hivi, 700x28 ni 2,136, 700x35 ni 2,168, 26x2.1 ni 2,068, 29x2.2 ni 2,298. Programu nyingi huanza na 2,096, ambao ni wa tairi jembamba la mbio la 700x23. Mwenye baiskeli ya milimani ya 29x2.2 akiiacha namba hiyo, kila kilomita 20 atakazoendesha zitasomeka karibu 18.2. Ataamini amezeeka.

Lakini jedwali halijui uzito wako wala kiasi cha upepo ulichojaza. Tairi hubonyea chini ya mtu, na mzingo unapungua. Fundi mmoja mzee wa Ngara alinikuta nikibishana na namba za simu akaniuliza, "Kijana, umepima gurudumu lako au umepima la kitabu?" Nikamwambia, "La kitabu, mzee." Akanipa chaki na futi ya kushonea. Tangu hapo sijatumia jedwali.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Tafuta sakafu tambarare: maegesho ya magari siku ya mapumziko, au ujia wa ghorofa unakoishi. Jaza upepo kiasi unachotumia kila siku. (Kama valvu zako ni zile nyembamba za baiskeli za mbio, bomba la upepo la kituo cha mafuta halitashika bila adapta ndogo ya shaba, nunua mbili, moja itapotea.) Simamisha gurudumu lenye kihisi hadi valvu iwe chini kabisa, uchore mstari wa chaki sakafuni moja kwa moja chini yake. Keti kwenye baiskeli na uzito wako wote, mwenzako akikushika begani usianguke, kisha songa mbele kwa mstari ulionyooka hadi valvu ifike chini mara ya tatu. Chora mstari wa pili. Pima umbali kati ya mistari, ugawe kwa 3.

Kwa nini 3? Kosa la milimita 6 katika kuchora chaki linakuwa milimita 2 tu kwa mzunguko. Tairi langu la 700x28 lilitoa milimita 6,372, yaani 2,124 kwa mzunguko, wakati jedwali linasema 2,136. Tofauti ni ndogo, lakini katika kilomita 100 inafika zaidi ya nusu kilomita. Rudia mara mbili. Majibu yakikaribiana, andika namba hiyo kwenye programu.

Kompyuta nyingine hujipimia mzingo zenyewe kwa kulinganisha mizunguko na GPS mwanzoni mwa safari. Si vibaya kwenye barabara ya wazi. Ukianza safari chini ya miti au katikati ya maghorofa, zinajifunza kosa, kwa hiyo mimi nazima huduma hiyo na kuandika namba yangu. Ukibadilisha tairi, pima tena.

Kuisoma kadensi kwenye vilima vyetu

Kasi peke yake inadanganya katika mji huu. Kutoka jijini kwenda Limuru unapanda kutoka mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000. Kilomita 11 kwa saa kwenda juu inaweza kuwa kazi kubwa kuliko 35 kurudi chini. Kadensi inakuambia miguu inafanya nini, bila kujali mwinuko.

Chukua ile Red Hill yangu. Mbele nina gia ya meno 34. Nikitumia gia ya nyuma ya meno 19, kasi ya karibu kilomita 11 kwa saa inanitaka kadensi ya 48. Nikihamia ya meno 28, kasi ile ile inanitaka 70. Kazi ni moja, kilima ni kimoja, lakini kwa 48 kila mkanyago unabeba nguvu karibu mara moja na nusu ya ule wa 70. Nguvu hiyo yote inapita gotini.

Usidhani basi kwamba kadensi kubwa ni ya bure. Kuzungusha haraka kunahamisha mzigo kutoka misulini kwenda kwenye moyo na mapafu, na hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani. Mgeni kutoka Mombasa anayejaribu 95 kwenye mlima wa Corner Baridi akitoka Magadi atahema vibaya. Kila mtu ana mahali pake. Waendeshaji wengi waliozoea hukaa kati ya 80 na 100 kwenye tambarare na hushuka kidogo mlimani. Anayeanza mara nyingi yuko 60 hadi 75.

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, kabla ya kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Waliomtazama akipanda Mont Ventoux mwaka 2013 wanakumbuka jinsi alivyozungusha miguu kwa haraka ya ajabu akiwa ameketi, na jinsi macho yake yalivyozoea kurudi kwenye kompyuta ya usukani. Hatuna miguu yake. Namba, tunaweza kuzisoma.

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Endesha kama kawaida, ujue wastani wako wa tambarare na wa mlimani, kila mmoja peke yake. Hakikisha programu haihesabu sifuri za kuteremka bila kukanyaga kwenye wastani, la sivyo utapata namba ndogo isiyo na maana. Wiki ya pili, kwenye tambarare, chagua gia nyepesi moja na uendeshe dakika 5 ukiwa mizunguko 10 juu ya wastani wako, upumzike dakika 5, urudie mara tatu. Makalio yakianza kurukaruka kwenye kiti, umezidi, punguza. Ukizoea, peleka mazoezi hayo mlimani, ukibadilisha gia kabla kadensi haijaporomoka chini ya 60. Ukisubiri hadi miguu ikwame, mnyororo utagoma kuhama.

Na kwenye barabara ya magari, skrini utazame kwa kufumba na kufumbua tu. Mimi nimeweka kadensi peke yake kwa maandishi makubwa. Mengine yote nayasoma nikifika.

Vinapokataa

Kadensi ikisoma namba isiyowezekana, au kasi ikiwa sifuri hali unaenda, tazama kwanza kama kihisi hakijageuka kazi ulipobadilisha betri. Kadensi ikikatikakatika, hamisha simu: mwili wa mtu huzuia mawimbi haya, na simu iliyo mfuko wa nyuma wa jezi iko upande mbaya. Iweke kwenye usukani. Kama kihisi hakionekani kabisa, angalia kama simu ya zamani au kompyuta uliyoiacha nyumbani haijakishika.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni betri. Vihisi vingi hutumia CR2032. Namba hiyo ni vipimo: kipenyo cha milimita 20, unene wa 3.2. Niliwahi kuuzwa CR2025 nikiambiwa ni mamoja. Unene wake ni milimita 2.5, kwa hiyo ilicheza ndani, na kihisi kikawa kinazima kila nilipopita kwenye tuta. Luthuli Avenue betri sahihi zinapatikana kwa urahisi. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti yake, usome namba mwenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida hutazama kifuniko. Kagua pia ule mpira mwembamba wa duara unaozuia maji, usijikunje, kisha kaza kifuniko kwa sarafu.

Betri kuukuu usiiache mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake kwa saa chache tu. Ukishuku amemeza, mkimbize hospitali papo hapo, usisubiri dalili.

Mvua za masika hazitaviua, lakini bomba la shinikizo la kuoshea magari linaweza kupenyeza maji chini ya kifuniko. Vitoe kwanza, au osha baiskeli kwa ndoo na kitambaa. Kihisi cha kasi kinatoka kwenye habu kwa kuvuta mpira mmoja, kwa hiyo unapoegesha mjini kitie mfukoni pamoja na taa. Cha kadensi chenye utepe wa tyubu mara mbili nakiacha; kukifungua kunachukua muda mrefu kuliko alionao mwizi.